Jinsi ya Kupima Athari za Nchi Kujitoa Katika Jumuiya: Mwongozo wa Kuchunguza Hatima ya Ujirani

Habari kwamba nchi fulani imetangaza kujitoa katika jumuiya au muungano hutufikia kwa kishindo, na mara nyingi maoni huyatangulia maelezo. Wapo wanaotabiri vita, wapo wanaosema hakuna kitakachobadilika, na pande zote mbili huzungumza kabla ya kuusoma mkataba wenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Uraia anayeulizwa swali hilo darasani, mwandishi kijana anayeripoti vikao vya Bunge hapa Dodoma, na mfanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa ambaye mahindi yake huvuka mpaka baada ya kutoka mikononi mwake. Unaeleza namna ya kulichunguza tukio la aina hiyo mpaka uweze kusema, kwa ushahidi, kitakachotokea kati ya nchi iliyotoka na majirani zake.

Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea kusoma. Kitendo cha kutoka, peke yake, mara chache ndicho kinachoharibu ujirani. Kinachouharibu ni mali, madeni na watu walioachwa katikati bila makubaliano. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kuvitafuta vitu hivyo na kuuliza kila kimoja kimeachwa mikononi mwa nani.

Soma kwanza ibara ya kutoka

Mikataba mingi ya jumuiya ina ibara inayoeleza namna mwanachama anavyoweza kutoka. Itafute uisome kabla ya kusikiliza hotuba ya mtu yeyote. Katika Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, ibara hiyo ni ya 145. Inataka mambo mawili. Kwanza, Bunge la nchi husika lipitishe azimio linaloungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, wala si theluthi mbili ya waliohudhuria siku hiyo. Pili, nchi impe Katibu Mkuu wa Jumuiya notisi ya maandishi ya miezi kumi na miwili. Kwa Tanzania, maana yake ni kwamba uamuzi wa namna hiyo hauwezi kumalizwa kwa tamko la jukwaani. Lazima upite katika ukumbi wa Bunge hapa Dodoma, na kura zipimwe kwa idadi ya wabunge wote. Ibara hiyohiyo inaruhusu notisi kufutwa kabla ya muda wake kwisha, na inaeleza kwamba nchi inayotoka inaendelea kubeba wajibu ilioukubali ilipokuwa mwanachama.

Ukishaisoma ibara, andika pembeni majibu ya maswali matatu: notisi ni ya muda gani, nani mwenye mamlaka ya kuamua, na ni wajibu gani unaobaki baada ya kutoka. Majibu hayo yatakuepusha na kosa la kuhesabu athari kuanzia siku isiyo yake. Uingereza ilipiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016, ikatoa notisi rasmi tarehe 29 Machi 2017, ikatoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na bado ikaendelea kufuata kanuni za biashara za Umoja huo mpaka tarehe 31 Desemba 2020. Aliyekwenda bandarini Februari 2020 kutafuta mabadiliko ya ushuru hakuyaona, na angeweza kuandika kwa haraka kwamba kujitoa hakukuwa na athari.

Mali, Burkina Faso na Niger nazo zilitangaza tarehe 28 Januari 2024 kwamba zinajitoa mara moja katika Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Afrika Magharibi, yaani ECOWAS. Mkataba wa jumuiya hiyo, katika ibara ya 91, unataka notisi ya mwaka mmoja, na jumuiya yenyewe ilihesabu kutoka kwao kuwa kumekamilika tarehe 29 Januari 2025. Katika mwaka huo wa kati, wajumbe walitumwa kusuluhisha, vikao vilifanyika, na vikwazo vingi vilivyokuwa vimewekwa dhidi ya Niger baada ya mapinduzi ya 2023 vikaondolewa Februari 2024. Kipindi cha notisi ndicho wakati ambao majirani bado wana sababu ya kisheria ya kukaa meza moja, na mchambuzi anayekiruka anapoteza nusu ya ushahidi wake.

Orodhesha vilivyokuwa vya pamoja

Hapa ndipo penye uzito, nami nakuomba usiharakishe. Chukua karatasi, uigawe safu nne. Katika safu ya kwanza andika kitu kilichokuwa cha pamoja. Katika ya pili, mahali kilipo siku ya kutoka. Katika ya tatu, nani anakitegemea. Na katika ya nne, makubaliano gani ya maandishi yapo kuhusu kitu hicho baada ya kutengana. Safu ya nne ikibaki tupu, hapo umekutana na chanzo cha ugomvi unaokuja.

Mfano ulio karibu nasi kuliko wote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Mkataba wake ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na ulianza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Kenya, Tanzania na Uganda zilimiliki kwa pamoja mashirika makubwa manne: reli na ndege, ambayo makao makuu yake yalikuwa Nairobi, bandari, Dar es Salaam, na posta na simu, Kampala. Mgawanyo huo wa makao makuu ulikusudiwa kuleta haki kati ya wanachama. Hata hivyo, ulimaanisha pia kwamba siku Jumuiya itakapovunjika, kila nchi itajikuta imeshika kitu ambacho wenzake wanakihitaji.

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye katika kikao cha wakuu wa nchi, na mamlaka ya juu kabisa ya Jumuiya ikawa haikutani tena. Chini yake mashirika yaliendelea kufanya kazi, lakini fedha zilizokusanywa katika nchi moja zikaanza kutopelekwa makao makuu yaliyo katika nchi nyingine. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likasimama, Kenya ikaanzisha shirika lake, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ndege kubwa zilikuwa Nairobi. Magari ya utalii na ndege ndogo za Wakenya zilizokuwa upande wa Tanzania zikazuiliwa. Kila upande ulishika ulichokuwa nacho na kudai kilichokuwa kwa mwenzake.

Tazama jambo hilo kutokea hapa Dodoma. Treni zilizopita katika stesheni ya mji huu, zikienda Kigoma au zikirudi Dar es Salaam, zilikuwa mali ya shirika ambalo makao makuu na karakana yake kuu vilikuwa Nairobi. Njia ya reli ilikuwa katika ardhi ya Tanzania, wasafiri walikuwa Watanzania, lakini mahali pa kulitengeneza kichwa cha treni ipasavyo palikuwa upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Shirika la Reli la Tanzania lililoundwa mwaka 1977 lilianza maisha yake likiwa na upungufu huo. Mshika bendera, fundi wa njia na karani wa tiketi walilala wakiwa watumishi wa Afrika Mashariki na kuamka wakiwa watumishi wa taifa moja, huku miaka yao ya utumishi ikiwa imeandikwa katika daftari la mwajiri asiyekuwepo tena.

Suluhu ilichukua miaka saba. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, akisaidiwa na Benki ya Dunia, alizunguka katika nchi zote tatu akihesabu mali na madeni, na makubaliano yakatiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26, na kila nchi ikakubali kuwalipa raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya mafao yao. Mpaka ulikuwa umefunguliwa Novemba 1983, hesabu zilipokuwa zinakaribia mwisho. Mfuatano huo unastahili kuangaliwa kwa makini: mpaka haukufunguliwa kwanza ili hesabu zifuate baadaye. Hesabu ndizo zilizotangulia.

Sifa nyingine ya makubaliano yale ni kwamba, ndani ya hati hiyohiyo ya kugawana mali, nchi tatu ziliahidi kutafuta maeneo ya kushirikiana siku za usoni. Ahadi hiyo ndiyo iliyozaa Tume ya Kudumu ya Utatu ya mwaka 1993, na baadaye Jumuiya tuliyonayo sasa. Unaposoma hati ya kutengana ya nchi zozote, tafuta kifungu cha namna hiyo. Kuwepo kwake kunaonyesha kwamba waliotengana hawakukusudia kuwa maadui.

Zoezi la safu nne linafaa pia kwa miungano ya mbali na yetu. Singapore ilipotengana na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965, kitu kilichoogopwa kilikuwa maji, kwa kuwa kisiwa hicho kilitegemea maji ya jimbo la Johor. Safu ya nne haikuwa tupu: palikuwa na mikataba ya maji ya mwaka 1961 na 1962, na pande zote mbili ziliithibitisha katika hati ya kutengana. Ule wa 1962 unairuhusu Singapore kuchota hadi galoni milioni 250 kwa siku mpaka mwaka 2061, kwa bei ya senti 3 za Malaysia kwa kila galoni elfu moja. Malaysia imelalamikia bei hiyo mara nyingi, na viongozi wamerushiana maneno makali, lakini maji hayajakatwa. Malalamiko hayo yanahusu kiwango cha malipo, na ugomvi wa kiwango una mahali pa kuanzia mazungumzo.

Linganisha na Sudan Kusini, iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Visima vingi vya mafuta vilibaki kusini, bomba na bandari ya kusafirishia mafuta hayo vikabaki kaskazini, na siku ya uhuru ikafika bila makubaliano ya ada ya kupitisha mafuta. Januari 2012 Sudan Kusini ikasimamisha uzalishaji. Aprili mwaka huohuo majeshi ya nchi hizo mbili yakapigana Heglig. Makubaliano yalipatikana Addis Ababa Septemba 2012, na mafuta yakaanza kupita tena mwaka uliofuata. Nchi mbili maskini zilijinyima pato lao kuu kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu ya safu moja iliyoachwa tupu.

Fuata gunia moja mpaka mpakani

Baada ya mali kubwa, shuka kwenye bidhaa. Chagua bidhaa moja unayoifahamu na uifuate njia yake yote. Kwa msomaji wa mkoa huu nashauri mahindi, kwa kuwa soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hukusanya nafaka kutoka vijiji vya Dodoma na mikoa ya jirani, na madalali wa pale wanajua vizuri gunia lipi linakwenda wapi.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahindi yaliyolimwa Tanzania huingia Kenya bila ushuru wa forodha, mradi yaambatane na cheti cha uasili wa bidhaa, yaani hati inayothibitisha yalikolimwa. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti rahisi kinachotolewa mpakani, na mfanyabiashara mdogo anaweza kukipata mwenyewe. Mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya hutozwa, chini ya ushuru wa pamoja wa forodha, asilimia 50 ya thamani yake, kwa kuwa yamo katika orodha ya bidhaa nyeti.

Sasa fanya hesabu. Tuseme gunia la kilo 100 linathaminiwa shilingi 80,000 linapofika Namanga. Leo ushuru wake ni sifuri. Kama Tanzania ingekuwa nje ya Jumuiya na pasiwe na mkataba mwingine wowote, gunia hilo lingedaiwa shilingi 40,000 kabla ya kuvuka. Mnunuzi wa Nairobi asingekubali kuibeba tofauti hiyo yote. Sehemu yake ingerudi kwa mkulima kama bei ya chini shambani. Cheti rahisi kisingekuwa na kazi tena, mwenye magunia kumi angehitaji wakala wa forodha kama mwenye semitrela tatu, na baadhi ya watu wangegeukia njia za panya. Biashara ya njia za panya ikiongezeka, doria huongezeka. Doria zikiongezeka, watu hukamatwa. Na hapo ujirani huharibika kati ya wanavijiji ambao hawakupiga kura yoyote.

Usiishie hapo, maana hesabu hiyo ina sharti lililo muhimu kuliko namba zake, yaani kutokuwepo kwa mkataba mwingine. Nchi nyingi za Afrika zimo katika jumuiya zaidi ya moja, na mara nyingi mkataba mmoja hufidia uliovunjwa. Tanzania yenyewe ilijitoa COMESA, yaani Soko la Pamoja la Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, Septemba 2000, muda mfupi kabla ya soko hilo kuzindua eneo lake la biashara huria tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo. Kenya, Uganda, Zambia na Malawi zilibaki humo. Uhusiano wetu nao haukuvunjika, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imefufuka Julai ya mwaka uleule, na kwa Zambia na Malawi tulikuwa pamoja katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC. Sitaki kusema kwamba uamuzi ule haukuwa na gharama. Wafanyabiashara waliozoea masharti ya COMESA walilazimika kujifunza upya karatasi za forodha. Lakini hakuna mpaka uliofungwa, na hakuna aliyezuiliwa gari lake.

Kwa hiyo, kwa kila bidhaa unayoifuata, andika mkataba unaoilinda sasa, kisha andika mkataba ambao ungeilinda ikiwa huo wa kwanza ungeondolewa. Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika nalo liingie katika orodha, pamoja na swali la kama bidhaa hiyo imekwisha kupangiwa punguzo la ushuru kati ya nchi hizo mbili au bado.

Kagua fedha

Ikiwa waliotengana walikuwa wakitumia sarafu moja, lipe jambo hili ukurasa wake. Eritrea ilijitenga na Ethiopia baada ya kura ya mwaka 1993, na kwa miaka kadhaa ikaendelea kutumia birr ya Ethiopia. Novemba 1997 ilitoa sarafu yake, nakfa, ikitarajia ipokewe kwa thamani sawa na birr. Ethiopia ilikataa, ikataka biashara kubwa kati yao ilipwe kwa fedha za kigeni. Wafanyabiashara wa pande zote mbili wakakwama, maneno yakawa makali, na Mei 1998 vita vikaanza kwa mgogoro wa mpaka wa Badme. Fedha haikuwa sababu pekee ya vita hivyo, ila ilikuwa imekwisha kuondoa uvumilivu uliohitajika kuumaliza mgogoro wa eneo dogo. Wacheki na Waslovakia, waliotengana tarehe 1 Januari 1993, nao walilazimika kuachana na sarafu ya pamoja mapema mno, tarehe 8 Februari mwaka huohuo; lakini walikuwa wamekubaliana kubaki na umoja wa forodha, na mali inayohamishika wakaigawa kwa uwiano wa mbili kwa moja kufuata idadi ya watu. Biashara kati yao ilipungua, ujirani ukabaki.

Waangalie watu wa mpakani

Serikali huzungumza kwa niaba ya taifa zima, lakini athari za kutoka huwaangukia kwanza wale ambao maisha yao yako pande mbili. Katika kisiwa cha Ireland, mpaka kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Ufalme wa Uingereza, una urefu wa kilomita zipatazo 500 na vivuko zaidi ya 200, na Makubaliano ya Amani ya tarehe 10 Aprili 1998 yalifanikiwa kwa kiasi kikubwa kwa sababu watu waliweza kuupita bila kusimamishwa na askari. Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya, kila njia ya kukagua bidhaa ilikuwa na mtu wa kumkasirisha. Ukaguzi ungewekwa mpakani, amani ingetikisika. Ukawekwa baharini, kati ya Ireland Kaskazini na Uingereza yenyewe, na wanasiasa wanaotaka kubaki ndani ya Ufalme wakaona wametengwa. Chama chao kikuu kilijitoa katika serikali ya jimbo Februari 2022 na kikarudi miaka miwili baadaye. Makubaliano mapya ya Windsor ya Februari 2023 yalipunguza ukaguzi huo.

Lakini wakati wote huo Mwairishi na Mwingereza waliendelea kuishi na kufanya kazi nchini mwa mwenzake bila kibali, kwa sababu haki hiyo ilitokana na mpango wa nchi hizo mbili ulioanza miaka ya 1920, kabla ya Umoja wa Ulaya kuzaliwa. Hapo pana funzo la utafiti: uliza kila haki ya watu imetoka katika mkataba upi. Haki iliyotokana na jumuiya hufa pamoja na uanachama, na ile iliyo katika makubaliano ya majirani wawili hubaki.

Kwa Afrika Magharibi, swali hilo ni zito zaidi, kwani mamilioni ya watu wa Sahel, ukanda zilimo Mali, Burkina Faso na Niger, wanaishi na kufanya kazi katika nchi za pwani. Januari 2025 ECOWAS ilitangaza kwamba pasi na vitambulisho vya raia wa nchi tatu zilizotoka vitaendelea kutambuliwa, na bidhaa zao zitaendelea kupokewa kama zamani mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Nchi hizo tatu nazo, zilizojiunga katika shirikisho lao Julai 2024, zilikuwa zimetangaza kwamba raia wa ECOWAS wataingia bila viza. Tena zimebaki katika umoja wa sarafu ya CFA pamoja na majirani kama Benin, Togo, Senegal na Côte d'Ivoire. Jambo la kuliangalia ni maneno "mpaka itakapoamuliwa vinginevyo." Haki inayosimama juu ya tangazo inaweza kuondolewa kwa tangazo, na kwa hiyo mpishi wa Burkina Faso aliyeko Abidjan hana usalama alionao Mwairishi aliyeko London.

Tenganisha athari za kutoka na ugomvi wa kawaida

Wachambuzi wengi hujikwaa hapa. Wanachama wa jumuiya moja hugombana pia, na si kila lori lililokwama mpakani ni tokeo la mtu kujitoa. Mwanzoni mwa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu; siku chache baadaye ikaliondoa zuio na kuweka masharti ya usajili wa waagizaji, cheti cha uasili na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango kinachoruhusiwa. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, wanachama wenzake wa SADC, kwa hoja kwamba nchi hizo zilikuwa zimezuia mazao yake, na zuio hilo nalo likaondolewa baada ya mazungumzo ya muda mfupi. Hakuna aliyetoka popote. Uanachama haukuzuia ugomvi. Ulichofanya ni kutoa mahali pa kuupeleka na sababu ya kuumaliza haraka.

Niger na Benin zinaonyesha upande mwingine. Uhusiano wao uliharibika kuanzia mapinduzi ya Niamey ya tarehe 26 Julai 2023 na vikwazo vilivyofuata, miezi kadhaa kabla ya tangazo la kujitoa. Benin ilipoondoa vikwazo, Niger ilikataa kuufungua mpaka, na Mei 2024 Benin ikazuia kwa muda upakiaji wa mafuta ya Niger yanayofika pwani yake kwa bomba refu la karibu kilomita 2,000. Anayeandika kwamba hayo ni matokeo ya kutoka ECOWAS amegeuza mfuatano: ugomvi ulitangulia, kutoka kukafuata. Ili usikosee, andika tarehe ya kila tukio upande mmoja wa karatasi na hatua za kutoka upande mwingine, kisha uangalie lipi limetangulia lipi. Jiulize pia kama tukio kama hilo limewahi kutokea kati ya majirani hao walipokuwa wanachama. Likiwa limewahi kutokea, punguza ukali wa hitimisho lako.

Tunza orodha ya tarehe zinazokuja

Uchambuzi wa kutoka hauishi siku ya kutoka, kwa sababu makubaliano mengi ya baadaye huwa na ukomo. Kituo cha mpakani cha Bologonja, kati ya Serengeti ya Tanzania na Maasai Mara ya Kenya, kilifungwa 1977 na kikabaki kimefungwa kwa watalii hata baada ya mpaka mwingine wote kufunguliwa 1983. Anayeamini kwamba mpaka ukifunguliwa kila kitu hurudi kama zamani atafute ramani ya watalii wanaolazimika kuzunguka. Rwanda ilitoka katika jumuiya ya Afrika ya Kati, ECCAS, mwaka 2007, ikarudi baada ya miaka kadhaa, na Juni 2025 ikatangaza tena kutoka. Mauritania iliondoka ECOWAS mwaka 2000, na mwaka 2017 ikatia saini nayo makubaliano ya ushirikiano bila kurudi kuwa mwanachama.

Fungua daftari maalumu, na kwa kila kutengana unakokufuatilia uandike tarehe ambayo makubaliano muhimu yatakwisha, jina la bidhaa au haki inayohusika, na nchi itakayoumia zaidi yasipoongezwa muda. Ruhusa ya meli za uvuvi za Umoja wa Ulaya kuingia katika maji ya Uingereza, baada ya mazungumzo ya Mei 2025, inakwisha tarehe 30 Juni 2038. Andika Ufaransa pembeni yake. Mkataba wa maji wa Singapore na Johor unakwisha 2061. Kwa nchi tatu za Sahel acha nafasi ya tarehe wazi, andika "pasi, vitambulisho na bidhaa" mbele yake, na uirudie kila wakuu wa ECOWAS wanapokutana.